Mkono wa Kufuli

Mume wangu hufundisha watu kuendesha gari. Gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake yeye, upande wa abiria, na kazi hiyo imemharibia mguu. Hata tukipewa lifti na jirani, kila tukikaribia kona mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Nimemwambia mara nyingi, baba watoto, hapo hakuna breki, unakanyaga zulia la watu. Hucheka kwa aibu kidogo, na kona inayofuata anakanyaga tena.

Baada ya kazi yeye ni kocha wetu. Timu ni ya mpira wa kikapu, ya wanawake wa kiwanda cha sabuni, mimi ni nahodha, na sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alikosa kutuuliza kama nyumbani pia yeye ndiye kocha. Nyumbani hakuna kocha. Nyumbani kuna watu wawili wenye vichwa vigumu na watoto wanaojua ni nani wa kumwomba nini. Uwanjani mimi humwita Kocha na yeye huniita Nahodha, na hatujawahi kukosea hata siku tuliyofika hatusemezani.

Michezo yetu aliichora kwenye kibao cha chuma alichokitoa chuoni kwake. Kibao kimechorwa njia panda, na juu yake vinabandikwa vigari vidogo vya sumaku vya kuwafundishia wanafunzi nani apite kwanza. Sisi ndio vigari. Sindano, anayepanga mpira, ni pikipiki. Karani, binti wa ofisini mwenye mkono wa kutupa kutoka mbali, ni kigari cheupe. Mimi ni lori jekundu, na wenzangu walilicheka lori hilo mpaka wakachoka.

Mpira wa mwisho ulikuwa wa lori. Hilo halikuandikwa popote lakini kila mtu alilijua, hata wapinzani. Mchezo ukibana, sekunde zikiwa chache, mume wangu hupaza sauti, "Jikoni!" na wenzangu wote wanasogea upande mmoja, wananiachia eneo lililo chini ya kikapu. Napokea mpira nikiwa nimekipa kikapu mgongo, nageuka, nautupia ubaoni, unaingia. Sina mchezo mwingine wa maana. Lakini huo mmoja nilikuwa naujua vizuri kama mlango wa nyumba yangu.

Siri ya Jikoni ilikuwa katika kugeuka. Anayenikaba lazima aweke mkono mgongoni kwangu ili ajue naelekea wapi. Mkono ukiwa kushoto, nageukia kulia. Ukiwa kulia, nageukia kushoto. Sasa kutoka kwenye benchi mume wangu hawezi kuuona mkono huo, miili yetu inauficha, kwa hiyo tangu tuanze alikuwa na swali moja tu kwangu kila tunapokwenda kunywa maji. "Mkono?" Nami najibu: kushoto, kulia, au hakuna. Kwa jibu hilo anapanga kila kitu, nani asimame wapi, nani abaki wazi. Maneno hayo mawili matatu ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu bora kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kwenye ndoa. Nasema kweli.

Kisha goti langu la kulia likaanza vituko.

Pale kiwandani nasimama kutwa nzima kwenye mkanda wa kufungasha, kwa hiyo mwanzoni nilisema ni uchovu. Baadaye likawa linavimba. Nikawa nalifunga bandeji ndani ya suruali ya mazoezi, nacheka kwa sauti kuliko kawaida, nafika mazoezini kabla ya wengine ili nisionekane ninavyoingia. Kazini natengeneza sabuni na kwingine kote najikaza kisabuni. Asubuhi nashuka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume, nimeshika ukuta, mume wangu akiwa bado amelala. Sikumwambia. Ningemwambia nini? Angekanyaga breki.

Mechi ya mwisho wa msimu tulicheza na wanawake wa magereza. Mshindi anabaki daraja la kwanza, anayeshindwa anateremka. Alasiri ile ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na jua la madirisha ya juu lilikuwa linamulika katikati ya uwanja. Aliyenikaba alikuwa askari mmoja mnene wa mabega tuliyemwita Kufuli. Tumechezeana miaka. Namjua kwa mkono wake kuliko kwa uso. Ni mkono mpana na wa moto, anauweka mgongoni upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, na hauondoi mpaka firimbi.

Robo ya kwanza mkono ulikuwepo, na ya pili pia. Tukaenda kwenye mapumziko makubwa tukiwa mbele kidogo, mume wangu akauliza, "Mkono?" nikamjibu, "Kushoto," akaitikia kwa kichwa, mambo yakaenda.

Robo ya tatu nikapokea mpira nikiwa nimekipa kikapu mgongo, nikangoja niguswe, nisiguswe. Nilidhani amechelewa. Mara ya pili vilevile. Kufuli alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake, lakini alikuwa amesimama hatua nzima nyuma, mikono yake kiunoni, macho yake kwa Karani. Kutoka kwenye benchi ungeapa kwamba amenibana. Hakuwa amenibana. Alikuwa ananisubiri nikosee mwenyewe. Nikatupa, goti halikunisukuma, mpira ukaanguka kabla ya kufika hata kwenye ubao, na Kufuli akauokota chini kwa utulivu kama mtu anayeokota nguo iliyoanguka kambani.

Sijawahi kutukanwa hivyo. Mtu akinisukuma najua ananiogopa. Mtu akinitega kiwiko najua nimemkera. Lakini mtu kuniondolea mkono!

Robo ya tatu ikaisha. Tukaenda kwenye benchi. Mume wangu akapiga magoti mbele yangu na kibao chake, jasho likimtiririka utadhani yeye ndiye aliyecheza.

"Mkono?"

Wenzangu walikuwa wamenizunguka. Sindano alikuwa ananipepea kwa taulo. Sindano ni wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, nimemsuka nywele akiwa bado anasoma, nimemfundisha kupokea mpira bila kuvunja kidole. Wote walikuwa wanasubiri jibu langu. Nilitakiwa kusema "hakuna". Neno moja. Nikaona nikilisema hilo, na maana yake yote italala hapo sakafuni mbele ya watu: kwamba magereza wameshanitoa kwenye hesabu.

"Kushoto," nikasema. "Kama kawaida."

"Vizuri," akasema mume wangu. Akalisogeza lori jekundu kwa kidole. "Vizuri sana. Basi bado wanakuogopa."

Robo ya nne ikawa ya kusukumana. Tukapoteza uongozi, tukaurudisha, tukaupoteza tena. Mara mbili mume wangu akaita Jikoni. Ya kwanza nikatupa fupi. Ya pili nikageuka, goti likakataa kunifuata, nikaburuta mguu na mwamuzi akapiga firimbi kwamba nimetembea na mpira. Watu wa magereza wakashangilia. Nikatazama benchi. Mguu wa kulia wa mume wangu ulikuwa unakanyaga sakafu.

Zikabaki sekunde kumi na moja. Tuko nyuma kwa pointi moja, mpira ni wetu wa pembeni. Akaomba mapumziko.

Nikawa wa kwanza kufika. Nilishaanza kukaa nilipomsikia ananiambia, "Nahodha, nenda kamuulize mwamuzi tumebakiwa na mapumziko mangapi."

Ningepaswa kushangaa. Huyu ni mtu anayekumbuka mwanafunzi gani aligonga nguzo gani mwaka gani. Hasahau idadi ya mapumziko. Lakini nahodha ndiye mwenye ruhusa ya kumuuliza mwamuzi, kwa hiyo nikaenda, nikichechemea pale nilipodhani hakuna anayenitazama. Mwamuzi akanionyesha ngumi, hakuna hata moja. Nikarudi.

Nilipofika, mume wangu alikuwa anakiondoa haraka kigari cheupe kutoka kwenye pembe ya kibao. Sindano alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Karani alikuwa anakunywa maji kwenye chupa tupu. Wengine wawili walikuwa wanatazama dari la ukumbi kwa makini ya ajabu.

"Hakuna yaliyobaki," nikasema.

"Sawa. Basi ni Jikoni," akasema mume wangu, akikitazama kibao. "Sindano anaanza juu. Nahodha anatoka pembeni anakimbilia chini ya kikapu, kwa nguvu zote, wote wamwone. Mpira unakwenda kwake. Mkono bado uko kushoto?"

"Kushoto."

"Basi geukia kulia."

"Nipeni tu," nikawaambia wenzangu. "Nipeni, mengine niachieni mimi."

Tukaweka mikono pamoja. Mkono wa Sindano ulikuwa wa baridi. Nikadhani ni woga.

Nilikimbia. Mungu ananiona, nilikimbia kama vile goti lile ni la mtu mwingine. Nilitoka pembeni, nikapita mbele ya jua lile la madirishani, nikasikia kitu kikikwaruza ndani ya mguu, nikakipuuza, nikafika chini ya kikapu na kugeuka kumkabili Kufuli.

Kufuli hakuwepo.

Hakukuwa na mtu. Kufuli alikuwa amenitazama nikianza kukimbia, akaniacha, na kwenda zake pembeni kwa Karani, akaungana na mwenzake wakamsimamia Karani wawili. Chini ya kikapu nilikuwa peke yangu. Hakukuwa na haja ya kugeukia kulia wala kushoto. Hakukuwa na haja ya goti. Mtoto wangu wa mwisho angefunga kutoka pale. Nikainua mikono yote miwili.

"Wifi!" nikaita. "Wifi, mimi hapa!"

Sindano alikuwa na mpira juu, mbele yangu, hakuna kitu kati yetu. Pasi zake hupita mahali ambapo hata upepo unaomba ruhusa, na pale palikuwa wazi kama uwanja wa ndege. Akaniona. Tukatazamana, sibuni, aliniona kabisa, na uso wake ukawa wa mtu anayeitwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Kisha akageuka na kumpasia Karani.

Mpira ukafika kwa Karani pamoja na mikono minne ya magereza. Kufuli akaugonga, ukadunda mara moja, ukatoka nje, na king'ora cha mwisho kikalia nikiwa bado nimeinua mikono.

Tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Karani alikuwa analia ndani ya taulo. Nilikaa kwenye benchi, nikafungua bandeji mbele ya wote bila kujali, goti likajitokeza nene na jekundu, na hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanalijua. Wamelijua kwa muda gani, na wamelijadili mara ngapi nikiwa nimekwenda kuoga?

Mlango ukagongwa, akaingia Kufuli, bado na jezi. Alikuja kunipa mkono, kama tulivyozoea.

"Dada, pole," akasema. "Mmecheza."

"Hongera."

Hakuondoka. "Naomba nikuulize, usinichukie. Kocha wetu alituambia mapumziko makubwa, yule nahodha mwacheni, goti limekufa, mtu wa kumwangalia ni yule binti. Nami nikakuacha. Halafu mwishoni nageuka nakuona umesimama pale peke yako, nikasema leo nimekwisha, nikirudi kazini nitachekwa na wafungwa. Mbona hawakukupa?"

Nikamtazama Sindano. Kufuli akatutazama sote wawili, akaelewa kwamba ameingia chumba kisicho chake, akaaga.

"Wifi," nikasema. "Umemsikia mgeni. Mbona hukunipa?"

Sindano alikuwa amesimama kwenye kona na kiatu kimoja mkononi.

"Kaka alikataza."

"Alikataza nini?"

"Ulipokwenda kwa mwamuzi. Alisema mpira ni wa Karani. Alisema wewe utakimbia chini, Kufuli atakufuata, Karani atabaki wazi. Alisema tusikuambie." Machozi yakaanza kumtoka. "Alisema, hata akikuita, usimpe. Alijua utaniita, wifi. Alijua kabisa."

"Na ulipoona niko peke yangu?"

"Niliona."

"Basi?"

"Nilifanya nilivyoambiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya msichana niliyekuwa namsuka nywele.

Sikumpiga, sikumtukana. Nilivaa suruali yangu, nikabeba begi langu, nikatoka. Nilikuwa na hasira, na nitasema ukweli, ilikuwa hasira tamu. Haikuwa na doa. Miaka yote hiyo mtu ananiuliza "mkono?" na mimi namjibu, na siku ya mwisho ananituma kwa mwamuzi kama mtoto anayetumwa dukani ili wakubwa waongee.

Mume wangu alikuwa kwenye gari, upande wa abiria. Tukishindwa huwa naendesha mimi, kwa sababu yeye akiwa na mawazo huendesha kama wanafunzi wake. Nilitia begi nyuma, nikaketi, nikawasha. Goti lilinichoma nilipokanyaga. Juu ya paa kilikuwepo kile kibao chake cha manjano chenye neno MWANAFUNZI, ambacho huwa tunakitoa tukiwa wenyewe. Siku hiyo hakuna aliyekikumbuka.

Tukafika mzunguko wa kwanza.

"Ulinituma kwa mwamuzi," nikasema.

Hakujifanya haelewi. "Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, tungegombana kidogo, kisha ningekimbia. Si ndivyo tunavyoishi?"

"Mtu akijua hapati mpira, mwili wake unasema," akajibu taratibu. "Hata ajitahidi vipi. Nilitaka Kufuli akuamini."

"Na mimi nikuamini nani?"

Nje watu walikuwa wanafunga maduka, mwanamke mmoja alikuwa anavuta kizuizi cha chuma kwa nguvu zake zote na kinakataa kushuka.

"Najua habari ya goti," akasema. "Kila asubuhi unashuka ngazi kinyumenyume. Naamka, nafumba macho, nasikiliza mpaka ufike chini. Ukifika ndipo napumua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe, siku zikapita, nikaona aibu kukuambia kwamba najua."

Hilo sikulitegemea. Niliendelea kuendesha. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kutosha kutufikisha nyumbani, na sasa hayakuwa na mahali pa kukaa.

"Lakini si hilo," akasema. Alikuwa anazungumza na kioo cha mbele. Kibao cha njia panda kilikuwa mapajani kwake, na alikuwa analibandua lori jekundu na kulibandika tena palepale. "Mpango ulikuwa sahihi. Nimeurudia kichwani tangu king'ora. Kufuli yuko mgongoni kwako, mkono kushoto. Ukikimbia lazima akufuate, hana namna. Pembe inabaki wazi. Karani anatupa. Sasa alikuachaje? Alijuaje? Alikuwa amekushika mgongoni, halafu kwa sekunde moja anakuacha ukimbie peke yako chini ya kikapu. Hakuna mchezaji anayefanya hivyo."

Nikabadilisha gia.

"Kuna kitu sikukiona," akasema. "Nimekitafuta na sikioni. Nimewateremsha daraja, nimemliza yule binti, nimekudanganya mbele ya watu, na kwa mpango ambao sasa hivi ukiniuliza umeharibika wapi, sijui. Kocha asiyejua ameharibu wapi hana kazi tena. Kesho nitawaambia watafute mtu mwingine. Labda macho yameanza kuzeeka."

Kama ningenyamaza, mambo yote yangebaki kama yalivyokuwa. Hasira yangu ingebaki safi. Angeniomba msamaha leo, kesho, na kila tutakapokumbuka siku hii mpaka tuzeeke, nami ningemsamehe kidogo kidogo, kwa hisani yangu. Ningekuwa yule mke aliyesimama peke yake chini ya kikapu na kunyimwa mpira, na kila ndugu atakayesikia hadithi hiyo angenishika mkono na kusema pole. Nililiona hilo lote mbele yangu, na nilikuwa na haki nalo nusu. Nusu nzuri kabisa.

Alikuwa analibandika lori tena.

"Hakukuwa na mkono," nikasema.

"Mkono gani?"

"Wa Kufuli. Aliuondoa robo ya tatu ilipoanza. Hakunigusa tena mpaka mwisho. Alikuwa nyuma yangu na mikono kiunoni, anamwangalia Karani."

Gari likasimama ghafla katikati ya barabara, kichwa changu kikaenda mbele na kurudi. Alikuwa amekanyaga breki yake. Injini ikazima.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Nikasema kushoto."

Alinigeukia. Uwanjani nimeuona uso wake ukiwa na hasira, na furaha, na ile sura ya kumshitaki mwamuzi kwa Mungu. Huu sikuwa nimeuona. Alionekana kama mtu aliyekuwa anaulizia njia miaka yote kwa mtu mmoja tu, na leo ameambiwa mtu huyo hajui njia.

"Mama," akasema. Hakusema Nahodha. "Kwa nini hukuniambia?"

Lilikuwa swali langu. Ndilo nililotoka nalo chumbani, nikalibeba mpaka kwenye gari, nikamtupia, na sasa lilikuwa limenirudia na sikuwa na pa kulikwepa.

Nyuma yetu magari yalikuwa yameanza kupangana. Lori moja likatupita polepole, dereva akatoa kichwa dirishani, mzee mwenye mvi, ana huruma usoni.

"Usiogope, mama!" akaniambia. "Sote tulianza hivyohivyo, utajua tu! Na wewe mwalimu usimfokee!"

Mume wangu akainua mkono kumshukuru. Ni mazoea ya kazi. Kisha mkono ukashuka ukalala juu ya kibao.

Nikazungusha ufunguo, injini ikaitika. Nikatia gia, gari likagoma, likatikisika, likazima tena.

"Toa mguu," nikamwambia.

"Nimetoa."

"Baba watoto, nakuomba, toa mguu kwenye breki."

"Nimeshatoa, mama. Tazama."

Nikatazama. Alikuwa ameivuta miguu yake yote miwili mpaka chini ya kiti, magoti yamebanana, breki yake iko wazi haijaguswa na mtu. Mguu uliokuwa umekanyaga breki ulikuwa wangu, wa kulia, na goti lilikuwa linatetemeka ndani ya suruali, na sikuweza kuuinua. Nyuma yetu hakuna aliyepiga honi. Walikuwa wanasubiri kwa adabu kabisa, kwa sababu ya lile neno lililokuwa juu ya paa letu.